Siku Niliyokatiza Harusi ya Kaka Yangu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Khalifa wetu mpendwa, mlezi wetu wa dini, Mwalimu Mkuu, wazee wa kijiji chetu cha Ravshid, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi wenzangu mliopanda ukutani ingawa viti vipo: salamu kwenu nyote.

Leo tunafungua kituo kipya cha kulilinda bonde letu, nami ninakiaga, maana Jumatatu naanza chuo mjini Khorog. Niliandikiwa hotuba nzuri ya ukurasa mmoja. Nimeiacha nyumbani, mniwie radhi. Furaha niliyo nayo haisomeki kwenye karatasi.

Wageni wetu huenda hamjui. Kituo cha zamani kiliongozwa na akili mnemba tuliyoiita Gush, yaani sikio. Kazi yake ilikuwa kulisikiliza ziwa lililo huko juu, chini ya barafu ya mlima, na kupiga king'ora likikaribia kupasuka. Mwezi wa Julai, mwaka juzi, akakipiga. Tukapanda mlimani kijiji kizima, tukakaa siku mbili, ziwa likatulia tuli. Mvua ikanyesha, na aprikoti tulizoanika juu ya mapaa zikaoza zote. Nani hapa amesahau? Babu Shodmon, aliyepoteza kuliko wote, aliniambia, "Mjukuu wangu, siku nyingine mkiniita mlimani, nitandikieni na kitanda hukohuko."

Kikao kikaitishwa. Wazee wakasema mashine haioni haya, kwa hiyo ufunguo wa king'ora ashike mtu mwenye uso, na Gush abaki kushauri tu. Nikapewa mimi, Zarangez, msichana wa miaka kumi na sita, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikivifuta vumbi vyombo vyake vya kupimia.

Wiki tano baadaye kaka yangu Navruzsho alikuwa anaoa. Pilau iko motoni, ngoma zinalia, bibi harusi Gulchehra amekwisha kuketi. Gush akaninong'oneza kwenye kisikilizio kwamba maji yameanza kupenya ukingo wa ziwa. Nikamuuliza ana hakika kiasi gani. Nne kwa kumi, akasema. Maana yake ni nini, ndugu zangu? Ni kwamba, sita kwa kumi, ningevunja harusi ya kaka yangu bure, mbele ya watu walioozewa na aprikoti.

Nikamuuliza, "Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Akanijibu, "Siwezi kuwa wewe. Nikikosea mimi, watanizima, basi. Ukikosea wewe, kesho utakutana nao kisimani. Ninachoweza ni kukwambia ukweli wote, na ile sita nisikufiche."

Mheshimiwa, shuleni tulibishana muhula mzima kama mashine inaweza kuwa na utu. Siku ile swali liligeuka, likaniangalia mimi.

Nikauzungusha ufunguo kwenye kisanduku cha king'ora kilichofungwa ukutani kwetu. King'ora kikalia, ngoma zikanyamaza, na hakuna aliyeondoka. Shangazi yangu akauliza kama ninamwonea bibi harusi wivu. Ndipo Babu Shodmon akaweka chini bakuli lake la chai ya maziwa, akainuka taratibu, akasema, "Aprikoti nimekwisha kupoteza. Wajukuu sipotezi. Twendeni." Babu, naomba usimame wakuone. Makofi hayo ni yako, wala usitikise kichwa.

Tukapanda, mama yangu na sufuria ya pilau kichwani. Haikupita saa moja, mlima ukanguruma, matope yakashuka na mawe makubwa kama vyumba. Nyumba sitini na moja zikaenda. Tukahesabiana mara tatu: watu mia tatu na kumi na wawili, hakupungua hata mmoja.

Aliyebaki bondeni ni Gush, maana hakuna aliyekumbuka kumbeba. Aliendelea kunitajia matope yalipofika: shuleni, darajani, uani kwetu. Kisha akasema, "Sasa yako mlangoni kwangu. Pandeni kidogo zaidi." Sikumsikia tena. Nililia kama aliyefiwa, na sioni haya kulisema mbele yenu.

Khalifa akafungisha ndoa palepale maweni, na pilau tukaila. Mashine mpya hii iliyo nyuma yangu haijui habari hizo, hivyo asubuhi ya leo nimeisimulia yote. Ilinisikiliza mpaka mwisho, kisha ikauliza swali moja tu: kama bibi harusi alipata kula.

Na sasa mtunza king'ora wetu ni Marvarid, mwenye miaka kumi na tano. Marvarid, nakupongeza, na nakwambia kweli: siku moja utakosea. Wazee wangu, siku hiyo ikifika, mkiwa mmelowa mvua na mmekasirika, nawaomba mumkaribishe motoni na mummiminie chai. Maana mtunza king'ora anayeogopa kuchekwa, iko siku atanyamaza pasipostahili kunyamaza.

Ahsanteni kwa kunitegea masikio. Mungu alilinde bonde letu, na wote wanaolisikiliza.