Pande, Mbwa wa Gwaride, Anastaafu

Baada ya miaka kumi na moja ya utumishi, Pande, mbwa wa kikosi chetu hapa Handeni, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Hajawahi kuomba likizo wala kuugua siku ya gwaride. Wapo wanaosoma haya ambao hawawezi kusema hivyo.

Kazi aliipata kwa wizi. Mwaka 2014 alishuka kwenye lori la kuni kutoka Ngombezi, kadogo kama kiatu, na kabla hajasalimia mtu akatoka jikoni na pande la nyama ya maofisa. Tukamwita Pande. Kumbe tumemtafutia ajira! Kesho yake Sajenti Matayo akapaza sauti uwanjani, "Mguu pandeee!" Mbwa akajua anaitwa yeye, akatimua mbio, akaketi mbele ya kikosi kifua mbele. Sajenti alimfukuza wiki nzima. Wiki ya pili akachoka. Ya tatu akamtia kwenye gwaride la kufunga mafunzo, na makofi aliyopigiwa yaliyazidi ya wageni wa jukwaani.

Cheo tu ndicho hakupata. Wengine wamelamba viatu vya wakubwa wakapanda. Yeye alivilamba kwa ulimi kabisa, na wapi!

Ila la mwaka 2019 sitalifanyia mzaha. Kuruta Evodia, binti wa Kwamndolwa kule Korogwe, alipotea porini kwenye zoezi la ramani. Siku mbili, kiangazi, chupa moja ya maji, na mguu umevunjika korongoni. Tuliita mpaka makoo yakakauka. Siku ya pili alasiri wakubwa wakaanza kuulizana kama yuko hai. Pande akasimama, masikio juu, akachomoka. Sajenti akamwamuru arudi. Hakurudi. Tangu aingie kwenye gwaride hakuwahi kukaidi amri. Tukamfuata wote, maofisa kwa wapishi.

Tulimkuta anamlamba binti uso. Sauti ilikuwa imemwisha Evodia, ananong'ona tu, "Pande... Pande..." Alitueleza baadaye kwamba katika kikosi kizima aliona huyo peke yake ndiye wa kusikia. Kutoka tulipokuwa mpaka pale ni nusu kilomita ya miiba. Alisikiaje? Sajenti Matayo alimpigia mbwa saluti, na hakuna aliyecheka.

Sasa masikio yale yamezibwa na uzee. Waliomtaka ni wengi, hata Ketan mwenye duka Korogwe mjini. Evodia akapanda basi akaja mwenyewe kumwomba kwa mkuu wa kikosi, anachechemea kidogo, na maneno yakaishia hapo. Mumewe, Obadia, aliuliza mbwa atalala wapi. Akajibiwa: ndani, na asiyependa, nje kuna nafasi.

Pande, tunakushukuru mno. Kaa salama Kwamndolwa, ule ushibe, na asubuhi uamke saa unayotaka wewe.