Nyotamkia ya Kibomet

CHEPNGENO: Haloo? Nani huyo asubuhi hii?

MUKHISA: Mwalimu Mukhisa, wa Bungoma. Umeamkaje, Chepngeno?

CHEPNGENO: Salama. Mko wapi?

MUKHISA: Bado shule. Tunapakia mashine ya mwanafunzi wangu Ivy. Mashindano ya sayansi ni saa nne hapo Kitale. Ile nyotamkia yetu ya mfano, ya barafu, imeganda kwa friji yako hapo Kibomet?

CHEPNGENO: Jana iliganda vizuri.

MUKHISA: Na leo?

CHEPNGENO: Mwalimu, baba mkwe alifika na—

MUKHISA: Haloo? Mtandao inakata. Nani?

CHEPNGENO: Baba mkwe, kutoka Suam. Alifungua friji akaona kitu ya kijivu kwa sufuria, iko na makaa ndani. Akadhani ni mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu.

MUKHISA: Mursik haiwekwi friji.

CHEPNGENO: Hiyo ndio alisema. Ati nimeharibu maziwa. Akayeyusha kwa jiko, akakunywa.

MUKHISA: Yote?

CHEPNGENO: Yote.

MUKHISA: Ako sawa?

CHEPNGENO: Ako sawa. Analalamika tu.

MUKHISA: Huyu msichana amejenga mashine mihula miwili. Inatua kama vile vyombo vya angani, inatoboa barafu, inasema ndani kuna nini. Sasa itatua wapi? Nimeumia, bana.

CHEPNGENO: Si ungeandika kwa sufuria.

MUKHISA: Niliandika "Nyotamkia".

CHEPNGENO: Alidhani ni jina ya ng'ombe.

MUKHISA: Analalamika nini?

CHEPNGENO: Ati maziwa ni ya unga. Makaa ni ya mkaratusi. Kuna vumbi ya barabara, na sukari guru kidogo.

MUKHISA: Hiyo sukari guru sikuambia mtu. Hata Ivy hajui.

CHEPNGENO: Mzee amejua.

MUKHISA: Mashine inachukua dakika arobaini kujua hayo. Sufuria mmeosha?

CHEPNGENO: Nimeosha.

MUKHISA: Kikombe?

CHEPNGENO: Pia.

MUKHISA: Chepngeno. Kuna chombo ya Wamarekani ilirudi na vumbi ya nyotamkia haijai hata kijiko, na wakashukuru. Sisi tunataka tone moja. Hakuna mahali imebaki?

CHEPNGENO: Kwa masharubu.

MUKHISA: Asipanguse.

CHEPNGENO: Anatafuta kitambaa.

MUKHISA: Mshike mkono. Mwambie Ivy anakuja, saa tatu tuko hapo.

CHEPNGENO: Mzee, ngoja kidogo. Mwalimu, anauliza, mashine itatua kwa mdomo yake?

MUKHISA: Pole pole. Haitatoboa. Sikia, credo ya simu inaisha, mwam—

CHEPNGENO: Anauliza tena kama anaweza kunywa chai akingoja. Haloo? Mwalimu? [simu imekatika] Mzee, weka kikombe chini.