Jiwe Begani mwa Baba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, nawe mzee wetu, Gashe Asrat Wubneh, tunayekuaga leo, wahariri wenzangu, ndugu wageni waalikwa:

Kuna sauti moja isiyonitoka masikioni: jiwe likitua sakafuni. Nilikuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu katika mji wa Debre Markos. Kaka yangu Yirdaw aliingia amelibeba begani, akapiga magoti kumwomba radhi baba, kama desturi yetu inavyomtaka mkosaji. Lakini mkosaji alikuwa baba, aliyechoma daftari zote za mashairi ya Yirdaw. Wazee wakasema, “Haidhuru, mdogo ndiye hubeba.” Baba akasema, “Shusha.” Likatua, puu! Waliokuwapo wakapiga vigelegele. Yirdaw hakuandika tena.

Gashe Asrat, kwa miaka thelathini na mmoja umezihariri riwaya za Kiamhari katika nyumba hii ya uchapishaji. Umenifundisha kufuta sentensi niipendayo kuliko zote. Nani hapa hakupita mikononi mwako? Na nani hapa hajui kwamba katika vitabu tunavyochapa kijana huasi kurasa mia mbili, kisha sura ya mwisho humkuta ameinama, anabusu goti la baba yake? Mnaiita hekima. Mimi naiita woga. Nawe, ambaye ujanani hadithi zako ziliwatoa jasho mabwana wa mashamba, tofauti unaijua.

Katika riwaya yangu, baba ndiye anayebeba jiwe mbele ya binti yake. Ulipoisoma ulicheka.

“Umeona wapi, mwanangu, mzee akambebea mtoto jiwe?”

“Sijaona, Gashe. Ningeona, ningepeleka gazetini.”

Jumapili iliyofuata ukaja kwangu na wazee wawili, mmejitanda shuka nyeupe. Mama akakaanga kahawa, akamwaga bisi kwenye sinia. Mkakataa kukaa, kama wafanyavyo wazee waliokuja kuomba jambo.

“Hatuketi mpaka ukubali kubadili mwisho.”

“Basi simameni, baba zangu.”

Mama akanifinya. “We mtoto, utanitia aibu!”

Gashe Kebret, mmoja wa wale wazee wawili, akaguna: “Asrat, magoti yangu hayajui riwaya. Mimi nakaa!” Akakaa, akanywa vikombe vyote vitatu vya desturi, akaomba na bisi.

Wewe ulibaki wima hadi makaa yakazimika. Nilikuheshimu siku ile kuliko siku zote, kwa sababu ulilisimamia unaloliamini na magoti yanakuuma. Lakini je, heshima ndiyo kukubali? Ningekubali, ningekuwa mmoja wa wale waliopiga vigelegele.

Nawashukuru nyote kwa subira yenu, nawe Gashe kwa kila sentensi uliyonifutia. Kazi yako imenifikisha hapa, na siikani.

Jana asubuhi niliutoa mswada wangu kwenye droo ya ofisi hii, nikaacha pale barua ya kujiuzulu, nikaupeleka kwa mchapaji mdogo wa mtaa wa Piassa. Nimetia sahihi mkataba. Sura ya mwisho imetoka mashineni leo kabla sijaja hapa, na hakuna neno lililobadilishwa.