Jina la Zamani la Vijayawada

Basi lilipotoka Nachingwea, Bi Somoe alimbana kwa maswali jirani yake wa siti, Rao, fundi Mhindi wa mashine za korosho. Mjukuu wake anapasuliwa moyo kesho huko Vijayawada, India. "Si ndiko kwenu, mwanangu? Jina hilo maana yake nini?"

"Vijaya ni ushindi, mama. Kisanskriti."

"La zamani je? Nikifika nyumbani namwaga unga wa mtama kuwaomba marehemu wetu, nawatajia alipo mtoto wamlinde. Jina la juzi hawalijui."

"Bibi yangu alisema Bezawada. Maana yake wanabishana, ila ushindi..."

"Wabishane! Bezawada." Gari zima tukajaribu kulitamka, kwa umbea tu.

Tulipofika Ruangwa mlango ukafunguliwa, Bi Somoe akasimama ashuke. Rao akamshika mkono. "Mama yangu anaumwa, yuko hukohuko. Mtaje naye."

Bi Somoe akaketi tena. "Anaitwa nani?"