Boaz Obare na Taa Nne za Ruta ya Magunga

Marehemu Boaz Obare alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kando ya barabara, hatua chache kabla ya zahanati ya Oyani, Uriri, katika eneo ambalo siku hizi ni Kaunti ya Migori. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Javan Obare na marehemu Mama Wilkista. Mama Wilkista alipenda kusimulia kwamba walikuwa wamebakiza mwendo mdogo tu kufika, ila huyu hakuwa mtu wa kusubiri. Wasifu huu utajitahidi kutulia mahali pamoja kwa niaba yake, kwa maana yeye mwenyewe hakuweza.

Alisoma Shule ya Msingi ya Oyani kuanzia 1986 hadi 1993, kisha Shule ya Upili ya Uriri, alikomaliza kidato cha nne mwaka wa 1997. Ripoti zake za kila muhula zilifanana: ana akili, hatulii. Alipokuwa na miaka kumi, redio ya Mzee Javan ilizimika. Redio hiyo ilitumia betri nne, na Mzee alikuwa na desturi ya kuzitupa zote na kununua nne mpya. Boaz aliziokota za zamani jalalani, akazirudisha redioni pamoja na mpya moja, akiihamisha ile mpya kutoka nafasi hadi nafasi, mpaka redio ikasema. Kumbe tatu zilikuwa nzima, iliyokufa ni moja. Mzee hakumsifu. Alisema tu kwamba amekuwa akizika wazima pamoja na maiti. Boaz aliyarudia maneno hayo maisha yake yote kila alipoona mtu akitaka kuitupa kompyuta.

Baada ya kusomea ufundi wa elektroniki mjini Kisumu kati ya 1999 na 2001, na kuhangaika huku na huko kwa muda, aliajiriwa Februari 2003 katika duka la Bwana Mahmud, mfanyabiashara aliyehamia Migori kutoka Isiolo, anayeuza kompyuta za mitumba. Mwezi wa kwanza Bwana Mahmud alimnunulia kiti kizuri cha kuzunguka. Miaka ishirini na mbili baadaye, kiti hicho bado kilikuwa na nailoni yake mgongoni. Boaz alifanya kazi wima, akitembea, bisibisi sikioni. Jumatatu mpaka Jumatano alikuwa Migori, Alhamisi Homa Bay kwenye kibanda chake mwenyewe, na siku zilizobaki alikuwa popote alipoitwa, Rangwe, Asumbi, Magunga, amepakiwa kwenye boda na begi la vifaa kifuani kama mtoto mchanga. Kanisani, watu walipofumba macho kuomba, yeye alikuwa akizifuata kwa macho waya za spika.

Kama muuzaji, tuseme ukweli, alikuwa hasara. Mteja aliingia akiwa ameshaipenda kompyuta yenye kioo kikubwa inayong'aa, na Boaz akaanza kumhoji: utaifanyia nini, nani mwingine ataitumia, nyumbani kwako stima huyumba saa ngapi? Kisha aliifungua na kumwonyesha mteja vumbi lililogandamana kwenye feni na vile vidude vya ndani ambavyo vichwa vyake vikishavimba, mashine haina siku nyingi. Hakukubali mtu anunue kompyuta iliyozimwa. Iwashwe, iachwe saa nzima, na mnunuzi aweke mkono mahali hewa ya moto inapotokea. Bwana Mahmud alilalamika kwamba yeye anauza na Boaz anakataza. Lakini waliokatazwa ndio waliorudi, tena wakiwa na majirani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi waliohudhuria leo watalikumbuka. Mawingu yakianza kuwa meusi upande wa ziwa, Boaz alishika simu. Alimpigia mteja mmoja baada ya mwingine, hata wale aliowahudumia mara moja tu miaka mitano nyuma: mvua inakuja, chomoa stima, na ule waya unaotoka kwenye antena juu ya paa uchomoe pia, maana radi haibishi hodi mlangoni. Watu walicheka. Wengine walimkatia simu. Mvua ikiisha, alipiga tena kuuliza kama kila kitu kimewaka.

Mwaka wa 2007 aliingia dukani binti aliyesomea Asumbi, jina lake Caren, aliyekuwa akifungua ofisi ya kuchapa na kuprinti Homa Bay. Alitaka kompyuta ile ya dirishani. Boaz alimwuliza atachapa nini, akajibiwa kwamba ni barua za kanisa na programu za mazishi. Akamwambia ile ya dirishani ni ya kutazamwa na watu, akamtolea nyingine ya kijivu, yenye sura mbaya, kutoka chini ya meza. Caren alikasirika, akainunua. Boaz alikwenda kuikagua mara nyingi kuliko mashine yoyote inavyohitaji kukaguliwa, hadi wazazi wakaulizana kuna nini. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009 na kujaliwa watoto watatu, Lavender, Rodgers na Mercyline. Kompyuta ile imebadilishwa diski mara mbili na pawa, kile kisanduku cha kuingizia umeme, mara tatu. Ndiyo iliyochapa karatasi uliyoishika mkononi.

Sasa tufike Magunga, kwa sababu bila Magunga humjui Boaz. Mama yake Caren, Mama Truphena, ni mwalimu mstaafu na mjane, anaishi peke yake huko. Mwaka wa 2018 wanawe walio Nairobi na Mombasa walimwekea intaneti ili waonane. Antena ikawekwa juu ya paa, waya ukashushwa, na ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani, Mama aliagiza mwenyewe iwekwe chumbani mwake cha kulala, maana ndicho chumba pekee chenye kufuli la kuaminika. Baada ya wiki mbili mtandao ukaanza kukatika. Caren alikuwa na kazi nyingi ofisini, kwa hiyo Boaz alifunga safari peke yake. Alifika, akasalimia, akakataa kuketi, akauliza kitu kiko wapi. Mama akamwonyesha mlango wa chumbani.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni mkwe. Mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe, hata kama kinaungua. Ruta nayo haikuweza kuja kwake, kwa kuwa kebo yake ilikuwa fupi, na Mama alikuwa ameapa haichomolewi na mtu. Boaz aliizunguka nyumba mara tatu. Mwishowe alisimama nje kwenye pembe ya ukuta, amelipa dirisha mgongo, akapaza sauti.

"Mama, hiyo kitu iko na taa ngapi?"

"Nne. Lakini imekufa, Baba Lavender."

"Usiniambie imekufa. Niambie unaona nini."

Alishtuka mwenyewe alipoyasikia maneno yake. Hakuna mkwe anayemwamrisha mama mkwe namna hiyo. Lakini ualimu wa Mama Truphena ukamzidi nguvu, akaanza kusoma kutoka kushoto kwenda kulia: kijani, kijani, nyekundu, na ya nne imezimika. Boaz aliuliza imewekwa juu ya nini. Juu ya sanduku la bati. Ina joto? Haishikiki. Imefunikwa? Ruta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, chenye maua ya waridi pembeni, kimekunjwa mara mbili, kama kilivyofunikwa kila kitu cha heshima katika nyumba ile, kuanzia redio hadi viti. Ilikuwa ikipikika taratibu juu ya bati. Mama alikitoa kitambaa, akaiweka ruta juu ya kiti cha mbao, na kabla chai haijapoa taa zote nne zilikuwa kijani.

Tangu siku hiyo Mama Truphena aliandika rangi za taa zile kila asubuhi kwenye daftari, na zikiharibika alimpigia Boaz kumsomea. Boaz naye aliifanya Magunga kuwa shule yake. Kila mteja aliyempigia na kusema mashine imekufa aliambiwa aseme anaona nini, aanze kushoto, na wengi walijikuta wameitengeneza wenyewe kabla hajafika. Jambo moja tu lilimsumbua. Ruta ikiwa imefungiwa chumbani, sebuleni mtandao ulifika kwa kusuasua. Alimpelekea Mama kebo ndefu ya mita ishirini na kumweleza jinsi ya kuihamisha: bonyeza kile kiulimi cha plastiki, vuta, chomeka. Mama aliiweka kebo kabatini. Alisema sebuleni hupita watu wengi. Aliombwa miaka na miaka, akajibu vivyo hivyo miaka na miaka.

Mwanzoni mwa 2022 miguu ya Boaz ilianza kuvimba. Alivaa viatu vya baba yake na kusema vyake vimebana. Caren alimwuliza, akajibu ni uchovu. Bwana Mahmud alimwuliza, akajibu ni uchovu. Mtu aliyefungua kila kitu cha kila mtu alijifunga mwenyewe kabisa, na inauma kulisema hilo mbele ya kaburi lake. Asubuhi moja ya mwezi Juni, Mama Truphena alipiga simu kumsomea taa, akaacha katikati.

"Baba Lavender, unapumua vibaya."

"Ni uchovu tu, Mama."

"Usiniambie ni uchovu. Niambie unaona nini."

Boaz alikuwa amesimama kibandani Homa Bay. Caren anaamini kwamba aliweza kusema kwa sababu palikuwa tena na ukuta kati yao. Alianza kama alivyomfundisha, kimoja kimoja: miguu, uso unaovimba asubuhi, pumzi inayokatika akipanda kilima cha mjini, usingizi ambao haupatikani akilala chali.

"Ingine siwezi kukwambia wewe, Mama."

"Hiyo nyingine mwambie daktari. Leo, si kesho."

Alikwenda siku hiyohiyo. Presha ambayo hakuwahi kuipima ilikuwa imeziharibu figo zote mbili. Kuanzia hapo, kila Jumanne na Ijumaa, alitakiwa kusafishwa damu mjini Homa Bay, saa nne nzima kwenye kiti, mkono umeunganishwa na mashine. Kwa mtu huyu, saa nne za kukaa zilikuwa ugonjwa wa pili. Alijua maana ya kila taa ya mashine ile ndani ya wiki moja, na muuguzi alimtishia kumfunga mkono wa pili asije akaigusa.

Agosti 2024 alitoroka. Radi ilikuwa imepiga ofisi moja huko Asumbi, na Boaz, badala ya kwenda kwenye kiti chake, alipanda boda na begi lake, akaruka zamu mbili mfululizo. Alirudishwa akiwa amebebwa. Familia ilimkasirikia sana, na haioni haya kulisema. Caren hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu Mama Truphena alipiga simu, na wote walitega masikio kusikia akigombezwa. Mama hakugomba. Alimwambia kwamba akikubali kukaa, kila Jumanne na kila Ijumaa, yeye ataihamisha ruta. Boaz alicheka mpaka akakohoa, akasema wamekubaliana.

Tangu siku hiyo hakukosa. Kila alipofungwa kwenye mashine alimwandikia Mama ujumbe uleule: "Nimekaa, Mama." Mama aliunakili kwenye daftari, chini ya rangi za taa. Lakini ruta haikuhama. Alisema ataihamisha Krismasi, kisha akasema Pasaka, Boaz atakapokwenda kuona kwa macho yake.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa mbili asubuhi, ujumbe ulifika Magunga kama kawaida. Saa tano moyo wake ulisimama, na wauguzi waliohangaika naye hawakuweza kuurudisha. Alikuwa bado kitini. Alibakiza siku tatu kutimiza miaka arobaini na sita.

Ameacha baba yake, Mzee Javan, mjane wake Caren, watoto wake Lavender, Rodgers na Mercyline, na ndugu zake wanne. Ameacha pia Mama Truphena wa Magunga, na Bwana Mahmud, ambaye wiki iliyopita alikivua kile kiti nailoni yake na hajamruhusu mtu yeyote kukikalia. Wateja wake ni wengi mno kuwataja. Mvua za masika zimeanza, na mtu anayewapigia simu hayupo, kwa hiyo tafadhali wachomoe wenyewe, na waya wa antena pia.

Mama Truphena ameomba maneno machache yachapwe hapa. Ni ya ukurasa wa mwisho wa daftari lake, nayo yanachapwa jinsi alivyoyaandika:

"Jumatano, 12 Machi. Nimebonyeza kiulimi, nimevuta, nimechomeka. Ruta iko sebuleni, haina kitambaa. Ya kwanza kijani. Ya pili kijani. Ya tatu kijani. Ya nne kijani. Nimechelewa, Baba Lavender. Wewe ulikaa."

Boaz, usiinuke tena. Pumzika hapo kwa amani.