Papa Pacifique Lwaboshi, Fundi wa Berea, na Sanduku Lake la Mzinga

Papa Pacifique Lwaboshi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Uvira, kitinda mimba wa mzee François na mama Thérèse. Alisoma shule ya msingi papo hapo, akaishia darasa la sita, maana mkono wake ulipenda sindano kuliko kalamu. Ushonaji alifundishwa na mjomba wake Bukavu.

Mwaka 1988 alifunga ndoa kanisani na Mama Marthe. Bwana akawapa Thierry na Benita. Mwaka 1996 mizinga iliwatoa Uvira mbio, cherehani kichwani. Hatimaye wakafika Johannesburg, akaanza kushonea chumbani kwao Berea. Maharusi wengi wa kanisa letu walivaa kazi ya mikono yake.

Mwaka 2016 alinunua sokoni sanduku la mbao lililotoka jeshini, akalijaza vitambaa, akalisukuma chini ya kitanda. Ubavuni liliandikwa KRANAATINHEITIN. Benita akatafuta kwenye simu.

"Papa, ni Kifini. Ni mzinga wa kurusha mabomu."

Mama Marthe akashika kichwa. "Kitu kilichotukimbiza Uvira, leo nikilalie?"

"Kilitukimbiza, sasa kitutunzie vitambaa. Hata nabii alisema silaha zigeuzwe majembe."

"Zigeuzwe, Papa Thierry! Hakusema zisukumwe chini ya kitanda!"

Mama Marthe akahamia kulala kwenye kochi. Kila siku alimsihi alitoe, na kila siku aliambiwa, "Kesho, mama."

Akaita wamama wa maombi. Walifunga, wakaja, wakalimwagia sanduku mafuta ya upako bila kulifungua kwanza. Mafuta yakapenya mbao, yakalowesha suti ya bwana harusi wa Jumamosi iliyokuwa imewekwa humo. Papa Pacifique aliishona upya yote.

"Pepo sijamwona akitoka," alisema, "ila suti ya watu imeokoka."

Eish, na sanduku likabaki.

Mwaka 2018 figo zilimshinda. Hospitalini alimshika mkewe mkono. "Basi, Marthe. Litoe."

Hapo ndipo Mama Marthe alipokasirika kweli. "Miaka yote nakusihi, unakubali leo? Sitaki! Pona kwanza, uje ulitoe mwenyewe."

Papa Pacifique akacheka, akaahidi. Alfajiri ya tarehe 9 Juni 2018 Bwana akamchukua.

Ameacha watoto wawili, Thierry na Benita; mjukuu mmoja, Glody; dada yake, Brigitte; na mjane wake, Mama Marthe, aliyeagiza isomwe hapa mbele ya watu wote kwamba maneno yake na Papa Thierry hayajaisha.

Bwana ampokee kwa amani, ampumzishe.