Kina Mama wa Kutetemeka

Kijiwe cha Runazi kiko ubavuni mwa duka la Idi, na kahawa anauza Anuar. Jioni ile aliyewaka ni Nyandwi, ambaye wote wanamwita Komando kwa sababu ya buti zake za kamba, anazozivaa masika na kiangazi, shambani na harusini. Mkewe, Generoza, alikuwa ameanza kwenda ukumbi wa kanisa, ambako mwalimu mmoja wa kike anafundisha watu kuitoa mwilini hofu ya zamani: wanalala mkekani, wanapumua taratibu, wanaiacha miguu itetemeke yenyewe. Komando aliona aibu, na aibu yake ilitoka kama hasira.

— Mke wa mtu, kalala chali ukumbini, anatetemeka. Hiyo ni dawa gani?

— Dawa inamezwa, alisema Idi. Pale kuna kitu wanachukua.

— Kitu gani?

— Umeme. Mwili ukitetemeka unatoa umeme. Hamkuona ukumbi umewekwa taa mpya?

— Acha hizo, alisema Matiasi, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Lukole pamoja na Komando, baada ya kukimbia vita kwao. Ule ni mtego. Wanatafuta nani bado anaogopa. Anayetetemeka sana, huyo bado mkimbizi, anarudishwa kwao.

— Kwao wapi, na wajukuu wamezaliwa hapa? aliuliza Anuar akimimina.

Komando alikigonga kikombe kwenye benchi, kahawa ikamwagika.

— Tulikuja na mengi sisi. Nani alituambia tulale chini tutikisike? Nilishika jembe, nikalima, yakaisha. Mimi siogopi kitu.

— Yakaisha kabisa, aliitikia Matiasi.

Hapo Generoza akatokea, jembe begani, anatoka shamba. Alikuwa hajawahi kusimama kijiweni hata siku moja.

— Habari za jioni, wazee. Baba Uwase, nimekusikia toka kule njiani. Nina swali moja tu, kisha nakuacha unywe kahawa yako.

— Uliza.

— Kila siku unapanda kitandani na hizo buti, umezifunga kamba. Huwa unajiandaa kwenda wapi?

Komando alifungua mdomo aseme ni kwa sababu ya baridi, maana ndivyo alivyomwambia tangu amwoe. Badala yake akamgeukia Matiasi, angalau yeye amsaidie.

Matiasi alikuwa ameinama, anazisogeza raba zake za kamba chini ya benchi, zisionekane.